Bunduki Kuukuu Isomwe Kabla Haijachomwa

Yeyote atakayezunguka vijiji vya Kisii na Nyamira akiuliza habari za bunduki za zamani atajibiwa kwa mwaka mmoja: 1914. Bunduki iliyofichwa juu ya dari ni ya Mjerumani. Ile ambayo babu alimkabidhi chifu ni ya Mjerumani. Hata kipande cha kasiba ambacho mhunzi fulani alikigeuza kuwa bomba la kuvuvia moto, nacho kilitoka kwa Mjerumani. Nimefundisha somo la historia katika sehemu hizi kwa miaka mingi, wala sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyeniletea habari ya bunduki iliyokuja kwetu kwa njia nyingine.

Sisemi kwamba masimulizi hayo hayana msingi. Msingi upo, tena imara. Tarehe 11 Septemba 1914, kikosi cha Wajerumani kilichovuka mpaka kutoka upande wa Mwanza kiliingia mjini Kisii, mji ambao maofisa wa Kiingereza walikuwa wameuhama. Kesho yake askari wa King's African Rifles wakafika, mapigano makali yakazuka, na kapteni mmoja wa Kiingereza, Thorneycroft, akauawa. Baada ya hapo pande zote mbili zikarudi nyuma. Wenyeji walipoona Mzungu huyu ameondoka na yule naye ameondoka, walidhani utawala wa kigeni umekwisha; wakaingia mjini na katika vituo vya misheni, wakachukua walichokikuta. Waingereza waliporejea waliwaadhibu kwa kuwanyang'anya mifugo.

Tukumbuke pia yaliyotangulia. Mwaka 1905 msafara wa kijeshi wa Waingereza ulikuwa umewaua Abagusii kwa mamia, wengi wao kwa bombomu, wakiwa na mikuki na ngao mikononi. Januari 1908 kijana Otenyo alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa serikali, na msafara mwingine ukaja kuadhibu. Kwa miaka tisa, basi, watu wetu walikuwa wameijua bunduki kwa upande wa mdomo wake. Septemba 1914 yamkini ndipo baadhi yao walipopata nafasi ya kuishika kwa upande wa kitako. Si ajabu kwamba kila bunduki iliyoonekana baadaye ilivutwa na kumbukumbu hadi siku ile.

Hata hivyo, kasiba ya bunduki ina maandishi yake yenyewe, na maandishi hayo hayakuandikwa ili kumfurahisha mtu. Hoja yangu ni kwamba sisi walimu wa historia hatujajifunza kuyasoma, wala hatuwafundishi wanafunzi wetu, na kwa sababu hiyo bunduki zinapotea pamoja na habari zake.

Acha nitoe mfano nilioushika kwa mikono yangu. Familia moja ya Borabu, katika kaunti ya Nyamira, ilifiwa na mzee wake aliyekuwa na bunduki ya halali yenye cheti. Sheria haiwaruhusu warithi kukaa na silaha kwa cheti cha marehemu. Ilibidi irudishwe kituoni. Katika kijitabu cha mazishi wana wa marehemu walikuwa wameandika kwamba sokoro wao aliipokonya bunduki hiyo kutoka kwa Mjerumani katika vita vya Kisii. Waliniomba niandike barua ya kuthibitisha jambo hilo, kwa matumaini kwamba silaha ya vita vya 1914 ingepelekwa makumbusho badala ya kungoja moto. Nilikubali kuitazama, kwa sharti kwamba askari mwenye ujuzi awepo, aifungue na kuhakikisha haina risasi kabla mtu mwingine hajaigusa. Walimu wenzangu walishike sharti hilo kuliko yote nitakayoyasema hapa. Bunduki ya miaka mia moja yaweza kuua kama ya jana, na iliyoingia kutu yaweza kumwua hata anayeifyatua.

Sharti la pili ni kwamba bunduki isisuguliwe. Mmoja wa vijana alikuwa ameleta msasa na mafuta ya taa, akitaka kuing'arisha kwa heshima ya mgeni. Kwa bahati alizuiwa. Alama zinazotafutwa ni ndogo kuliko punje ya mtama, nazo zimekaa juu ya ngozi ya chuma. Msasa wa dakika kumi hufuta kile ambacho mvua na moshi wa jikoni havikuweza kufuta kwa karne nzima. Tochi iliyolazwa ubavuni, ili mwanga upite sambamba na chuma, huinua vivuli vya herufi zilizofifia. Karatasi nyembamba iliyowekwa juu ya alama na kusuguliwa polepole kwa penseli hunakili umbo lake. Vifaa hivi havizidi uwezo wa shule yoyote ya kutwa.

Ubavuni mwa mtambo, yaani ile sehemu ambamo komeo hupita na kufungia risasi, tulisoma jina la kiwanda cha Mauser na la mji wa Oberndorf. Wana wa marehemu walitazamana kwa furaha. Si Mjerumani huyo? Kwa hakika Oberndorf ni mji wa Ujerumani, na mtambo ule ulifuliwa huko. Hata cheti cha serikali kilitaja neno Mauser, na nina hakika neno hilo ndilo lililoipeleka bunduki ile kwenye vita vya Kisii. Mtu aliyejua kusoma alilisoma, akawaambia wengine kwamba ni jina la Kijerumani, na kisa kikajitengeneza.

Lakini mtambo si bunduki nzima. Askari alipotenga chuma na mti, chini ya kasiba zilionekana alama nyingine: herufi G na P zilizofumana chini ya taji, herufi V chini ya taji lake, na mkono ulioshika upanga uliopinda, chini yake herufi NP. Hizo ni alama za London. Uingereza ina nyumba mbili za kujaribia bunduki, ya London, iliyo chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati ya mfalme mwaka 1637, na ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1813. Sheria ya huko humkataza fundi kuuza bunduki kabla kasiba yake haijafyatuliwa kwa baruti yenye nguvu kuliko ya kawaida. Ikistahimili, hupigwa mihuri. Ujerumani nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1891, na alama zake ni taji lenye herufi kama B, U, G au N chini yake, na aghalabu tarakimu za mwezi na mwaka. Katika kasiba ile hapakuwa na hata moja ya alama hizo za Kijerumani. Juu ya kasiba palikuwa pameandikwa jina la fundi na mtaa wake, lakini mikono ya miaka mingi ilikuwa imelifuta. Lililosalia kusomeka ni neno London.

Kwa hiyo tulikuwa na mtambo wa Oberndorf, kasiba ya London, na kitako cha mti wa mjozi kilichochongwa misalaba midogo midogo ya kuzuia mkono usiteleze. Chini ya kitako palikuwa na kibamba cha umbo la yai chenye herufi mbili za mtu, ambazo si herufi za ukoo wowote wa pale. Hii haikuwa bunduki ya jeshi. Jeshi huagiza bunduki elfu hamsini zinazofanana kama matofali. Hii ilikuwa bunduki ya kuagizwa, ambayo mnunuzi mmoja humwendea fundi, akapimwa mkono na bega kama anayeshonewa suti, akachagua unene wa risasi kulingana na mnyama anayekusudia kumwinda. Wachongaji wetu wa Tabaka wanaifahamu biashara ya aina hiyo: kuna vinyago vinavyopakiwa kwa magunia kupelekwa ng'ambo, na kuna kiti kimoja kilichochongwa kwa jina la aliyekiagiza. Mchongaji mzoefu huvitofautisha kwa kuvigusa tu.

Msomaji huenda akauliza, fundi wa London ana haja gani na chuma cha Mjerumani? Jibu ni kwamba mtambo wa Mauser ulikuwa bora na wa bei nafuu kuliko ule ambao fundi angejitengenezea mwenyewe. Kampuni ya John Rigby ya London ilikuwa wakala wa mitambo ya Mauser kwa Uingereza hadi mwaka 1912, na ndiyo iliyotoa mwaka 1911 bunduki mashuhuri ya wawindaji wa nyati na tembo yenye kipimo cha inchi .416. Wengine, kama Westley Richards wa Birmingham, walijenga bunduki zao juu ya mitambo hiyo hiyo. Waingereza na Wajerumani waliopigana Kisii mwaka 1914 walikuwa wamefanya biashara ya silaha kwa miaka mingi kabla ya hapo. Jambo hili halimo katika vitabu vyetu vya kidato cha tatu, nami naona lingestahili kuwamo.

Na umri je? Hapa wanafunzi hupenda jibu la tarakimu moja, na bunduki ya aina hii hailitoi. Ni kama nyumba ambayo msingi ni wa mwaka huu, paa ni la mwaka ule, na mlango uliletwa kutoka nyumba nyingine. Kila kiungo kinaulizwa peke yake. Alama ya mkono wenye upanga juu ya NP ilianza kutumika London mwaka 1904. Basi kasiba ile haikupigwa mhuri kabla ya mwaka huo, hata kama mtambo ungekuwa mkongwe zaidi. Huo ndio mpaka wa chini. Mpaka wa juu ni mgumu zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mafundi wengi walichukua mitambo ya kijeshi ya Mauser wakaipa kasiba mpya za kuwindia. Lakini mitambo hiyo hubaki na makovu, yaani taji lililochongwa kwa tupa, au tarakimu za mwaka zilizofutwa nusu. Mtambo tulioushika ulikuwa safi, umetoka kiwandani kwa ajili ya biashara. Mizani inaelemea miaka kati ya 1904 na 1914, na mizani si hukumu.

Sasa tuilinganishe na bunduki ambayo askari wa Kijerumani angeiangusha kwenye kilima cha Kisii. Vita vilipoanza, askari wengi wa jeshi la Ujerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja, yenye tundu la milimita 11 na baruti iliyotoa wingu la moshi jeupe kila ilipolia. Ubavuni mwake huwa na maandishi ya I.G. Mod. 71 kwa herufi za kale za Kijerumani. Ile mpya zaidi, ya mwaka 1898, ina tundu la milimita 7.92, hubeba risasi tano, na juu ya mtambo wake hupigwa taji, jina la kiwanda kama Spandau au Danzig, na mwaka wa kutengenezwa. Ukiitazama mbele ya dirisha, ndani ya kasiba utaona michirizi minne inayojipinda kuelekea kulia.

Bunduki ya Mwingereza nayo hujitambulisha bila haya. Shingoni mwa Lee-Enfield, upande wa kulia, hukaa taji na herufi mbili: V.R. kama iliundwa enzi za Malkia Victoria aliyefariki Januari 1901, E.R. enzi za Edward hadi 1910, na G.R. baada ya hapo. Chini yake huandikwa kiwanda na mwaka. Mshale mdogo uliopigwa hapa na pale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ndani ya kasiba, michirizi ni mitano, nayo hujipinda kuelekea kushoto. Mwanafunzi anayeweza kukariri majina ya wafalme hawa kwa ajili ya mtihani anaweza pia kuyatumia kuamua umri wa chuma alichokiona kwa babu yake, na sioni kwa nini tumwachie la kwanza tumnyime la pili.

Bunduki ya Borabu haikuwa na hata moja kati ya hizo. Hapakuwa na mshale wa serikali, wala taji la jeshi. Ikiwa haikuletwa na jeshi, ililetwa na nani?

Ramani inajibu nusu ya swali. Borabu ilikuwa sehemu ya ardhi iliyotengwa kwa walowezi Wazungu, ikipakana na mashamba yao ya Sotik. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipozinduliwa mwaka 1962, mashamba hayo yalinunuliwa na kukatwakatwa, na familia za Abagusii zikahamia Nyansiongo, Kijauri na kwingineko. Mlowezi aliyekuwa akifunga virago aliuza ng'ombe, trekta, meza, vyungu, na wakati mwingine bunduki, kwa kuwa safari ya kurudi Uingereza haikuwa na simba. Cheti cha kwanza cha bunduki tuliyoitazama kilitolewa mwaka 1966, kwa jina la baba ya marehemu. Na baba huyo, kwa maneno ya wanawe wenyewe, alikuwa amefanya kazi kwa mlowezi mmoja miaka zaidi ya ishirini, akianzia kwenye ng'ombe na kuishia kuwa msimamizi. Jambo hili lilikuwa katika ukurasa wa pili wa kijitabu kile kile cha mazishi, aya mbili tu chini ya kisa cha Mjerumani, wala hakuna aliyekuwa ameziunganisha.

Niliona wazi kwamba habari hii haikuwapendeza. Babu aliyempokonya Mjerumani silaha ni shujaa; babu aliyenunua au kupewa bunduki na bwana wake ni nini? Mimi nilijaribu kuwaambia kwamba Mwafrika aliyepata cheti cha bunduki ya kuwindia mwaka wa tatu baada ya uhuru, juu ya ardhi ambayo miaka mitano nyuma hakuruhusiwa kuimiliki, ana historia nzito kuliko wengi waliookota kitu vitani. Tena ni historia ambayo haijaandikwa. Vita vya Kisii vimetajwa katika vitabu vya Kiingereza na vya Kijerumani. Habari ya jinsi mali ya walowezi wa Borabu ilivyopita mkono kwa mkono, kuanzia vitanda hadi silaha, haimo katika kitabu chochote kinachofundishwa shuleni kwetu, nao walioiona kwa macho yao wanazikwa kila Ijumaa na kila Jumamosi.

Barua waliyoitaka sikuiandika. Niliandika nyingine, iliyoeleza alama tulizoziona na miaka inayoweza kuelezwa nazo, na hapo ndipo nilipokutana na sheria.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 hukihesabu kitu kuwa cha kale ikiwa kilitengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, mwaka ambao Waingereza walitangaza himaya yao hapa. Kilichoingia baada ya hapo hakina ulinzi wa moja kwa moja, ila waziri akikitangaza kuwa kitu cha kulindwa kwa thamani yake ya kihistoria au kitamaduni. (Mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 umepewa ulinzi wake ndani ya sheria hiyo, pwani ina bahati.) Kwa kipimo hicho bunduki ya 1914 na bunduki ya mlowezi ziko katika hali moja: zote ni changa mno. Karibu hakuna bunduki ya Kisii au Nyamira iwezayo kuvuka kizingiti cha 1895, kwa sababu nchi hii ilitiwa chini ya utawala wa Mwingereza miaka kumi baadaye. Mwaka ulioandikwa katika sheria ni mwaka wa pwani na wa reli, si mwaka wa nyanda za juu za Gusii.

Kwa upande mwingine ipo Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, ambayo haijali kisa. Silaha isiyo na cheti ni kosa, na silaha zilizokusanywa huishia katika moto. Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki 5,250 huko Ngong. Juni 2021 ikachoma 5,144 nyingine. Siyalaumu mambo hayo hata kidogo. Silaha haramu zimewaliza watu wengi nchini, na sisi tunaoishi karibu na mpaka wa Borabu na Sotik, ambao mwanzoni mwa 2008 tuliona nyumba zikiwaka pande zote mbili, hatuna hamu ya kuona bunduki zikibembelezwa. Ninachouliza ni jambo dogo zaidi: katika marundo yale, ni nani aliyetazama chini ya kasiba kabla ya kuwasha kiberiti?

Bunduki si lazima ibaki ili habari yake ibaki. Kunakili alama, kupiga picha nne au tano, kuandika namba, kupima tundu la kasiba, na kuandika maneno ya aliyeileta kama alivyoyasema, ni kazi ya saa moja. Ofisa wa kituo na mwalimu wa historia wa shule jirani wanaweza kuifanya pamoja, mezani pa polisi, bila silaha kutoka nje ya lango. Chuma kikishasomwa, kichomwe kama sheria isemavyo, au kitolewe komeo na kupelekwa Makumbusho ya Kisumu iwapo wataalamu wataona kinafaa. Karatasi zibaki katika maktaba ya kaunti na nakala katika Chuo Kikuu cha Kisii. Kaunti zetu mbili zina bajeti za utamaduni ambazo kila mwaka hutumika kwa ngoma na fulana. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingetosha kununua madaftari.

Wako wenzangu wanaopinga. Mmoja aliniambia kwamba kumfundisha kijana alama za bunduki ni kumfundisha kuipenda. Hofu hiyo naiheshimu, lakini uzoefu wangu ni tofauti. Kijana huipenda bunduki anayoiona katika filamu, isiyo na jina wala mmiliki. Akishajua kwamba chuma hiki kilipitia kwa mfua vyuma wa Oberndorf, mpiga mhuri wa London, mlowezi, mchungaji wa ng'ombe na karani wa vyeti, huanza kuuliza maswali ya bei, ya kazi na ya ardhi, na hayo ndiyo maswali ya somo la historia. Mwingine alisema kwamba masimulizi ya wazee yanatosha, na kwamba kuyapima kwa mihuri ya Wazungu ni kuyadharau. Hilo silikubali. Muhuri wa London unajua kasiba ilijaribiwa lini. Haujui lolote kuhusu usiku bunduki ilipobebwa kutoka nyumba kubwa ya mlowezi hadi kibanda cha msimamizi wake. Na mzee anayejua usiku huo hawezi kujua yaliyotendeka London. Kila mmoja aulizwe lile alilolishuhudia.

Bunduki ya Borabu ina namba iliyochongwa kwenye chuma, na mafundi wakubwa wa London wangali na madaftari yao ya zamani, ambamo namba huonyesha siku bunduki ilipokamilika, kipimo chake na jina la mnunuzi wa kwanza. Wana wa marehemu wamekubali niandike barua kwa fundi mmoja mmoja, kwa kuwa jina limefutika, nikiambatisha picha za alama. Huenda tukajua zile herufi mbili za kibambani ni za nani.

Hadi majibu yatakapofika kuna kazi iliyo karibu zaidi. Mjane wa yule msimamizi, mamake marehemu, angali hai huko Nyansiongo, ni omongina wa miaka zaidi ya tisini, na akili yake ni timamu. Alikuwapo mwaka ambao bunduki iliingia nyumbani. Katika mazishi alikaa mbele kabisa akisikiliza kisa cha Mjerumani kikisomwa kwa kipaza sauti, na hakuna aliyemwuliza neno. Wanafunzi wanne wa kidato cha tatu watakwenda kumwona likizo ya Agosti, wakiwa na daftari na kilo mbili za sukari.